Sita ya Jentrix

Wiki jana tulimwacha Jentrix mdomo wazi, karata tano za ovyo mkononi, na Seif mgawaji akisukuma vifuniko vyake sita vya soda kuelekea kwenye bakuli.

"Sita!" Seif alitangaza kwa sauti ya mwadhini. "Mama ameongeza. Sita!"

Yawa! Nani ameongeza?

Kwa wewe uliyefungia dagaa wa omena gazeti la wiki jana kabla ya kulisoma, nakukumbusha mara moja tu. Jentrix Awuor ni binti wa Ahero, nyar Ahero kwa Kijaluo. Kaka yake, Oduor, mtu mwenye moyo mzuri na akili ya kuku, alicheza poka na dalali mmoja aitwaye Tom Mchele, akapoteza mashine ya kukoboa mpunga ambayo marehemu baba yao aliiandika kwa jina la Oduor. Mashine hiyo ndiyo inayomlisha mama yao. Mavuno yanaanza kesho Jumatatu. Bila mashine, mama atauza mpunga na maganda yake kwa bei ya kutupa, na mnunuzi ni nani? Ni huyo huyo Tom.

Tom alikuwa amesema hivi mbele ya mashahidi: "Yeyote wa nyumba hiyo akikaa mezani kwangu akapata vifuniko sitini, karatasi ya mashine namrudishia."

Kwa hiyo Jentrix aliuza mafahali wawili, akaja Kisumu, akanunua vifuniko arobaini katika chumba cha nyuma cha hoteli ya Seif, karibu na soko la Kibuye. Kila kifuniko kilikuwa na bei yake, ambayo siitaji hapa kwa sababu mwenye nyumba wangu anasoma gazeti hili.

Walianza saa sita mchana wakiwa watu sita. Sasa ilikuwa saa tisa na nusu. Walimu wawili walikwisha kukaushwa wakaenda zao. Karani wa bandari alikumbuka ghafla kwamba ana mke. Wakabaki watatu: Tom, Jentrix, na mzee mmoja mnene kutoka upande wa Webuye aitwaye Wakoli, mfanyabiashara wa mahindi, ambaye kazi yake mchana kutwa ilikuwa kunywa chai na kusema "natupa."

Na vifuniko arobaini vya Jentrix vilikuwa vimebaki kumi na kimoja.

Basi turudi mezani.

"Mimi sikuongeza!" Jentrix alisema. "Nimesema sida tu!"

"Ndiyo. Sita tu," Seif akaitikia, akavisogeza vifuniko hatua nyingine.

"Si sita! Sida! Sida!"

Mnaelewa sasa? Alikuwa ameangalia karata zake, akaona mbili, nne, saba, tisa na jeki, kila moja na ukoo wake, akapumua akasema kimoyomoyo, ila kwa sauti: shida tu. Lakini Jentrix amelelewa Ahero, na ulimi wa Ahero haupendi kusumbuliwa na herufi nyingi. Shida ikatoka sida. Na masikio ya Seif, ambayo babu yake aliyaleta kutoka Lamu, yakasikia sita.

Msicheke sana. Hata mimi mwandishi nilipoteza kazi ya kusoma matangazo kwa sababu ya neno "shilingi."

Ukutani nyuma ya Seif palikuwa na maandishi ya chaki: UKITAMKA UMEWEKA. Ndiyo ilikuwa sheria ya chumba, na Seif alikuwa tayari kuilinda kuliko hoteli yenyewe.

Ajabu ni kwamba aliyemtetea Jentrix ni Wakoli.

"Seif, wacha mama wa watu," alisema, akiweka kikombe chini. "Amesema shita. Hata mimi nasema shita kila siku, na hakuna siku umenisukumia vifuniko."

"Wewe unasema nini?"

"Shita. Tapu. Matatiso." Ulimi wa Webuye nao husema t kwa d, p kwa b na s kwa z; maneno yake mengine nimewanyooshea.

Seif alimtazama Wakoli, akamtazama Jentrix, akashika kichwa. "Jamani, si mtafute lugha moja mnieleze! Sawa. Mama, nakuuliza mara moja ya mwisho. Kama ulisema shida, chukua vifuniko vyako, utupe karata, tuendelee. Ulisema nini?"

Hapo ndipo mlango wa kutokea ulipofunguliwa. Mtu mwingine yeyote angetoka mbio.

Jentrix alinyoosha mkono avichukue. Ndipo akamwona Tom Mchele anatabasamu. Tom alikuwa ameweka vifuniko viwili, na alikuwa anangoja tu yule mwanamke atupe, kama alivyotupa saa nzima.

Na maneno ya Mama Zeituni yakamjia kwa mpigo.

Mama Zeituni ni jirani wa shangazi yake Jentrix kule Nyalenda. Kwa miaka kumi na minane alipeleka chai katika chumba cha karata cha klabu moja ya wakubwa. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyewahi kumficha karata, maana nani anamficha mama wa chai? Alisimama nyuma ya viti akiona mikono yote, na kufika mwaka wa tatu alijua mchezo kuliko waliokuwa wakiucheza. Lakini mwenyewe hajawahi kugusa karata. Kwa wiki mbili alimfundisha Jentrix kwenye mkeka, maharagwe yakiwa vifuniko, mikono yake ikiwa mapajani.

"Funua ya tatu," alikuwa akisema. "Mimi sigusi hiyo takataka. Funua nione."

"Mama, si ni karatasi tu?"

"Kugusa ni dhambi. Kuangalia nilikuwa kazini."

Na somo lake kubwa lilikuwa hili: "Mwanangu, wakiwa sita mezani, keti kama mgonjwa anayengoja daktari. Ngoja karata nzuri. Kwa sababu kwa watu sita, lazima kuna mmoja aliyebarikiwa. Lakini wakibaki watatu, ukingoja daktari utafia kwenye foleni. Mbele yako kuna watu wawili tu, na mara nyingi hao wawili hawana kitu, kama wewe. Sasa bakuli litachukuliwa na nani?"

"Mwenye karata kubwa."

"Ee, umelala! Litachukuliwa na anayelitaka."

Jentrix aliitikia siku hiyo kama anayeelewa. Kumbe hakuelewa. Watu walikuwa wameondoka mmoja mmoja, meza imekuwa ya watatu, naye bado alikuwa ameketi anamngoja daktari, kila mgao akitanguliza kifuniko kimoja cha kiingilio kisha anatupa. Vifuniko ishirini na tisa vilikwenda hivyo. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto.

"Mama, tunakungoja," Seif alisema.

Jentrix aliurudisha mkono.

"Nimesema sita," alisema.

Neno lilitoka safi, herufi baada ya herufi.

Wakoli alikohoa chai. "Natupa," alisema haraka.

Tom Mchele hakutabasamu tena. Alikuwa na kingi mbili mkononi, na kwa meza ya watatu kingi mbili ni mali. Lakini alianza kufikiri, na kufikiri ndiko kulikomponza. Huyu mwanamke ameketi saa tatu bila kuongeza hata kifuniko. Akija, anakuja na kitu. Tena amefunguliwa mlango atoke, amekataa. Mtu hawezi kukataa mlango akiwa mikono mitupu.

"Una tatu za aina moja," alisema, akimchungulia.

Jentrix alivipanga vifuniko vyake vilivyobaki.

"Au una zaidi." Tom alitupa kingi zake mbili wazi mezani, kwa hasira. "Chukua! Mimi si mjinga wa kulipa."

Seif alimsukumia Jentrix bakuli. Na Jentrix akazirudisha karata zake kwa mgawaji zikiwa kifudifudi, kimyakimya, jeki na takataka zake nne. Alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Akaagiza chai.

Kuanzia hapo, msomaji wangu, mambo yakageuka.

Jentrix aliacha kungoja. Akipata jozi, hata jozi ndogo ya tatu mbili, aliongeza. Akizungumza mwisho, baada ya wenzake wawili kupita, alichukua bakuli hata kama mkononi hana kitu cha kumwonyesha mtu. Akizungumza kwanza, alipunguza mdomo, kwa sababu Mama Zeituni alisema anayezungumza kwanza anaongea gizani. Siyo kila mara alishinda. Mara moja Tom alimwongezea kumi na viwili, Jentrix akatupa jozi ya kwini bila kuguna, na Tom akaonyesha saba tatu.

"Umejuaje?" Tom aliuliza.

"Umenyamaza," Jentrix alimjibu.

Ilikuwa kweli. Alikuwa amemsoma. Tom akiwa na karata za maana, alikuwa bubu, akitafuna njugu moja moja. Akiwa hana kitu, aliongea kuliko redio iliyokuwa ikitangaza mpira huko mbele ya hoteli.

Wakoli naye? Wakoli alitupa, akatupa, akatupa. Mara mbili tatu alichukua bakuli dogo, akasema asante. Jentrix alimwona kama kiti cha nne.

Kufika saa kumi na moja, Jentrix alikuwa na vifuniko arobaini na vinne. Kufika sitini vimebaki kumi na sita tu! Tom alikuwa na kumi na vinne na jasho.

Seif akagawa.

Jentrix alifunua: nane, nane, tano, kwini, mbili. Akazishika nane mbili, akamrudishia Seif tatu zilizobaki abadilishiwe. Zikaja jeki, sita, na nane nyingine.

Nane tatu!

"Wewe Tom, unabadilisha ngapi?" Seif aliuliza.

"Sibadilishi hata moja," alisema Tom. "Hizi zimetoka kwa Mungu zikiwa zimepangwa."

Mtu asiyebadilisha ana mkono uliokamilika. Na mkono uliokamilika unazila nane tatu asubuhi na jioni.

Wakoli alizitazama zake sekunde moja. "Natupa."

"Naweka vyote," Tom alisema, akisukuma vifuniko kumi na vitatu vilivyobaki baada ya kiingilio. "Tena ngoja, mama. Wewe si umekuja kwa ajili ya mashine? Si mama yako analia huko Ahero? Basi tusichoshane na habari ya sitini." Alitia mkono kifuani mwa koti, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaitupa ndani ya bakuli. "Mashine hiyo hapo. Wewe weka vyote ulivyo navyo. Ukishindwa, nenda nyumbani salama, mimi nitakupa hata nauli. Mimi si mtu mbaya. Muulize Seif. Muulize mtu yeyote wa mchele kutoka hapa mpaka Nyamasaria. Lakini nakuonya, hizi karata hujawahi kuziona. Nakuonya kama dada yangu."

Aliongea, akaongea. Sahani ya njugu ilikuwa mbele yake imejaa, hakuigusa.

Jentrix aliisikiliza sauti hiyo mpaka mwisho. Alimfikiria mama yake, amekaa kando ya mashine iliyonyamaza, akiipangusa vumbi kwa kanga. Alifikiria mafahali wawili.

"Naona," alisema, akasukuma vyote.

Tom alifunga mdomo. Lo!

"Onyesha, Tom," alisema Seif.

Tom alionyesha kumi mbili. Kumi mbili na takataka tatu. Hakubadilisha karata ili tu amtishe mwanamke.

Jentrix alizilaza nane zake tatu mezani, moja, ya pili, ya tatu. Kisha akapiga kelele ambayo ilimfanya mpishi wa Seif aje mbio na mwiko. Aliichukua karatasi, akaikunjua, akaona jina la kaka yake, akaona nambari ya mashine, akaibusu. Machozi yalimtoka na hakuyazuia.

"Kesho mama anakoboa!" alisema. "Seif, umesikia? Kesho mama anakoboa!"

"Hongera, mama. Hongera sana."

Tom Mchele alisimama, akavaa kofia. Kwa mtu aliyepoteza mashine nzima, alikuwa mtulivu mno. Alisema anakwenda kujisaidia. Alipita mlango wa nyuma, na muda mfupi baadaye wakasikia pikipiki ikiwaka na kuondoka kwa kasi.

"Choo chake kiko mbali," alisema Wakoli.

Hakuna aliyecheka. Wakoli mwenyewe hakucheka. Alikuwa ameukunja uso, na mkono wake mnene ulikuwa unatafuta kitu katika mfuko wa ndani. Akatoa karatasi. Nayo ilikuwa imekunjwa mara nne.

"Nipe hiyo yako nisome nambari," alimwambia Jentrix. "Nisomee tu polepole."

Jentrix alisoma. Tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wakoli alifuata kwa kidole kwenye karatasi yake. Kidole kilipofika mwisho hakikuwa kimeruka hata tarakimu moja.

"Hii mashine nilinunua kwa Tom," alisema Wakoli. "Nilidhani yako ni nyingine. Nilinunua Ijumaa. Pesa taslimu, na sahihi yake hii hapa, na mhuri wa wakili. Alikuwa amekwisha kuuza kabla wewe hujafika hapa leo. Lori langu linakwenda kuipakia kesho saa kumi na mbili asubuhi. Linaipeleka Busia."

Jentrix alimtazama Seif. Seif alizichukua karatasi zote mbili, akazisoma, akazisoma tena, akaanza kuzikagua tarehe kama mtu anayetafuta mdudu kwenye mchele.

"Ya Wakoli ni ya kweli," alisema mwishowe, bila kuinua macho. "Tom amekupa karatasi ya mashine ambayo si yake tena. Pole, mama."

"Lakini nimeshinda!" Jentrix alisema. "Mmeniona wote! Nimeshinda!"

"Umeshinda," alikubali Wakoli. "Umecheza vizuri kuliko mwanamume yeyote niliyemwona mwaka huu. Mimi pia ninaumia. Nilimwambia mke wangu nimenunua kitu kisicho na maneno, kumbe kina mama wa watu analia." Alijimiminia chai iliyobaki. "Siwezi kuitoa bure. Lakini siwezi kulala pia. Kwa hiyo nasema hivi. Una vifuniko hamsini na tisa. Viweke vyote. Mimi naweka karatasi yangu, ya kweli. Mgao mmoja. Ukishinda, lori langu litakwenda Ahero kubeba mchele wa mama yako badala ya mashine yake. Ukishindwa, umerudi mikono mitupu, bila mafahali."

"Na nikikataa?"

"Uchukue pesa zako za vifuniko hamsini na tisa, urudi nyumbani tajiri. Mashine itakwenda Busia."

Jentrix alihesabu viti. Watatu walikuwa wamekuwa wawili. Kwa wiki mbili Mama Zeituni alimfundisha meza ya sita, akamfundisha meza ya watatu. Meza ya wawili alimwuliza siku ya mwisho tu, wakiokota maharagwe kwenye mkeka, na mama yule akalirudisha haragwe moja mkekani. "Wakibaki wawili," alisema, "karata hazina kazi tena. Hapo unacheza na mtu. Umjue kwanza."

Umjue kwanza.

Jentrix alimgeukia Wakoli, akamkagua kuanzia kofia mpaka vidole. Alijua jinsi Tom anavyotafuna njugu. Alijua jinsi walimu wanavyofuta miwani. Lakini huyu mzee wa chai ameketi mbele yake saa tano nzima, na katika muda wote huo, hata mara moja, hajawahi kuonyesha karata zake.

"Gawa, Seif," alisema Jentrix.

Seif alichanganya, akagawa, tano kwa tano. Jentrix alizifunua zake kwa kidole gumba: jozi moja, nne mbili. Si mbaya ya kutupa, si nzuri ya kuamini.

Wakoli hakuzigusa zake. Aliiweka karatasi ya mashine ndani ya bakuli, akaiweka mikono yake juu ya meza, na kwa mara ya kwanza mchana huo akatabasamu.

"Mimi sina haja ya kuangalia," alisema. "Sungumsa, nyar Ahero. Unapatilisha ngapi?"

(Itaendelea wiki ijayo.)